Mizinga Sita ya Pampu

Siku hizi nalala mchana. Nikishaswali adhuhuri natandika mkeka baraza ya nyuma, upande wenye kivuli, nafumba macho kidogo, na kabla sijajua kama nimelala au bado, nipo porini. Sijui nimefikaje. Naona miti tu, mirefu, ina yale majani mekundu yanayotangulia mvua, na moshi mwembamba unatoka mahali nisipopaona. Mume wangu yuko juu ya mti. Uso wake siuoni, naona nyayo zake, zile nyayo zilizopasuka, zimeshika gome kana kwamba zimeota hapohapo. Namwambia shuka, chai inapoa. Ananijibu kitu, lakini nyuki wanavuma na maneno yake yanachanganyika na mvumo wao. Nikiamka nakuta wanaovuma ni nzi kwenye sahani.

Mimi niliishia darasa la tatu. Kurani nilisoma kwa kufuata kidole cha mwalimu, na kuandika naandika polepole, mstari mmoja naupumzisha kabla ya kwenda mwingine. Majina ya watu wa habari hii ninayo yote, pamoja na ya baba zao na ya mama zao, lakini waliopo wanaishi na watu na waliokufa wamepumzika, basi nimeyaacha.

Mume wangu alikuwa mrina asali. Kwao ni Wakonongo wa siku nyingi, watu ambao baba alikuwa porini na babu alikuwa porini, na wao walikuwa Waislamu katikati ya majirani Wakristo bila mtu kumuuliza mwenzake kwa nini. Nyumba yetu ni hii ya Kawajense, kiwanja nilipewa na mama yangu. Mahindi tulilima Kasokola. Lakini mali yake mwenyewe, aliyoipata kwa mikono yake, ilikuwa mizinga kumi na miwili ya magogo, iliyotundikwa juu ya miti huko ndani, mbali, mahali ambapo baiskeli inafika ikiwa imechoka. Alikuwa anaondoka na mwenzake mmoja, Mkristo, rozari shingoni, rafiki yake tangu wote hawajaota ndevu. Wanakaa kambini wiki mbili, tatu. Akirudi ananukia moshi, na mimi nalala usingizi mzuri zaidi, sijui kwa nini.

Tulijaliwa mabinti wawili. Wa kiume hatukupata. Hilo litazame vizuri, maana ndilo lililomwingiza mdogo wake katika habari hii.

Sasa pampu. Mtaani kwetu walikuja wageni wakachimba kisima kirefu, wakaweka pampu ya mkono, wakafunga utepe, tukapigwa picha tukiwa na ndoo. Maji yalikuwa baridi, matamu, unakunywa na unasikia yanashuka mpaka tumboni. Tukakaa nayo raha. Halafu mipira ya ndani ikaisha, ile midogo inayoshika maji yasirudi chini. Mpira wenyewe ukiuweka kiganjani ni kama kipande cha ndara. Fundi alisema letani mipira. Nani alete? Wageni wameshakwenda. Kila nyumba ilisubiri nyumba nyingine. Tukarudi kwenye dimbwi la bondeni, tukisukumana na ng'ombe wa watu waliotoka kaskazini. Pampu ikabaki imesimama pale na mkono wake juu, kama mtu anayetaka kuuliza swali.

Ilikaa hivyo mpaka nyuki wakahamia ndani. Ndiyo, nyuki. Kundi lilitua kwenye kile kichwa cha chuma, likaingia kwa kitundu cha kifuniko, likaanza kujenga. Watoto wakaumwa, akina mama wakaja kwangu: mwambie mzee aje awatoe wadudu wake. Akaenda asubuhi na ndoo na kitambaa kinachofuka moshi. Nilisimama mbali nikamtazama anafungua kichwa cha pampu taratibu, anaongea nao kwa Kikonongo, anawachota kwa mkono kama unga. Alipomaliza akakaa juu ya ule msingi wa saruji, nyuki kumi au ishirini bado wanatembea shingoni mwake, na hakuwa na haraka ya kuondoka.

"Mama," akaniambia, "nyuki haingii mahali penye mtu. Hawa wameona hapa pamekufa."

"Si pafufuliwe basi."

"Panafufuliwa kila mara. Kufufua watu wanajua. Kulisha ndiyo hakuna mtu."

Nikadhani amechoka. Lakini alilala na neno hilo, akaamka nalo, akaenda nalo msikitini Ijumaa. Siku hiyo, alinisimulia mwenyewe, hutuba ilikuwa ya wakfu. Shehe alieleza kwamba sadaka ya kawaida unaitoa na inakwenda zake, lakini wakfu unaifunga mali yenyewe kwa ajili ya Mungu: haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi, na kinachotumika ni matunda yake tu, mwaka hadi mwaka, hata mwenyewe akiwa hayupo. Shehe alitaja mashamba na nyumba za mijini. Mizinga hakutaja. Mume wangu alirudi anatabasamu peke yake njia nzima.

Kiangazi hicho, mwezi wa nane, alinichukua porini. Mwanamke haendi kambini, hata yeye alikuwa anasema hivyo, lakini alinipakia nyuma ya baiskeli, mwenzake akatutangulia na yake, tukaenda. Nakumbuka siku ile kama kitu nilichokiota, na kwa vile nimekiota mara nyingi tangu hapo, sasa sijui tena kipi kilikuwa na kipi nimeongeza. Ardhi ilikuwa nyeusi kwa moto wa majani, na juu yake yameanza kuchomoza maua madogo ya njano yasiyo na jani hata moja. Hapakuwa na upepo. Tulipita chini ya miti na kila mti wenye mzinga ulikuwa na sauti yake, mwingine nene, mwingine nyembamba, na yeye alinyoosha kidole bila kutazama, akisema huu mkali, huu mvivu, huu walinihama nikawabembeleza wakarudi.

Watu wa asali wana alama. Kila ukoo una mikato yake, inachongwa kwenye gome la mti pale mzinga unapolala, na mtu mwingine akiiona anapita, hata kama ana njaa ya siku mbili. Ya ukoo wao ni mikato miwili iliyoinama, kama mvua ya upepo. Basi mume wangu alipanda. Wakati huo ana miaka mingi lakini mti aliupanda kwa kamba ya kiunoni kama anapanda kitanda. Chini ya ile mikato miwili akachonga mmoja wa kulala. Akashuka, akaenda mti wa pili, akachonga. Alifanya hivyo miti sita. Wa mwisho ulipokwisha akasimama chini, jasho linamtoka, akavua kofia, akasema mbele yetu:

"Mizinga hii sita nimeifanya wakfu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Asali yake iitengeneze pampu ya mtaa maadamu ipo. Na pampu isipokuwepo, basi maji ya watu, popote watakapoyachota, awe ni nani."

Mwenzake alikuwa amekaa kwenye kisiki anatafuna nta. "Na nyuki wamekubali?"

"Nyuki hawajawahi kuniuliza asali inakwenda wapi."

"Basi nenda kamwambie shehe wako, aandike."

"Aandike nini? Alama nimekata."

"Mimi nakushauri tu."

"Wewe umeshawahi kuibiwa mzinga wenye alama?"

Mwenzake akafikiri. "Hapana."

"Basi."

Hilo ndilo kosa alilolifanya mume wangu, na ni kosa la mtu wa porini hasa. Huko ndani alama ndiyo karatasi, ndiyo mahakama, na yeye aliishi huko muda mrefu mpaka akaamini kwamba na mjini watu wanaishi hivyo. Njiani kurudi akaniambia, kisogo chake kikiwa mbele ya uso wangu, "Nikiondoka mimi, wewe ndiye utakayesema." Nikamwambia ondoka uende wapi, tazama mawe. Akacheka, na baiskeli ikayumba.

Pampu ikafufuka. Fundi alikuja, akabadilisha mipira, na ikawa kila inapokohoa mume wangu anakwenda kimyakimya na kibuyu cha asali au na fedha iliyotokana nacho, na kesho yake maji yanatoka. Hakusema kwa mtu. Mtaa ulijua tu kwamba mzee wa asali ana moyo. Masika ya kwanza yakapita hivyo, na ya pili yakaja.

Mwisho wa mvua hizo za pili, mahindi yakikauka shambani, akaanza kuumwa. Alikuwa na homa, na kifua. Kwa siku za mwisho alikuwa anaongea na watu nisiowaona, anawaambia washike kamba vizuri. Akafariki kabla ya asubuhi kupambazuka sawasawa, mkono wake ukiwa ndani ya wangu, na mpaka leo nikilala mchana ule mkono naukuta.

Nilikaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba yangu. Mabinti walikaa nami kwa zamu, kisha wakarudi kwa waume zao. Zile zilikuwa siku za ukungu. Nikiamka sijui ni asubuhi au alasiri, nasikia tu wapita njia na kuku. Lakini ndani ya ukungu wote ule kulikuwa na kitu kimoja kigumu, kama kokoto ndani ya wali: lile neno nililoachiwa. Nilijua siku ya kugawa mirathi itafika na mizinga kumi na miwili itatajwa, na mimi ndiye nitakayefungua mdomo niseme ni sita. Nani ataniamini? Mjane bila mtoto wa kiume, hana karatasi. Na nisipoaminiwa, kila alichokifunga mume wangu kwa jasho lake kitafunguliwa, mzinga huku, mzinga kule, na pampu itarudi kuwa nyumba ya nyuki.

Shemeji yangu alikuja kutoka Kasansa, mdogo wake marehemu, wa tumbo moja. Utotoni wote wawili walirina pamoja, ila yeye alihamia huko upande wa Mpimbwe miaka mingi nyuma kulima mpunga, na porini hakurudi tena. Nasema kweli, nilimpenda na bado nampenda. Alikuwa na haki. Marehemu asipoacha mtoto wa kiume, mjane anachukua sehemu yake, mabinti zao, na kinachobaki ni cha ndugu. Na mwaka ule mpunga wake ulikuwa umelala majini. Alikuja amekonda, shati linamning'inia, na alikula ugali wangu bila kuinua kichwa.

Shehe wetu akaja siku ya tatu tangu shemeji afike. Mtu wa makamo, msafi, mzaliwa wa mjini, anayeongea kama anayekunja nguo. Tulikaa mkekani: yeye, shemeji, mimi, na yule mwenzake marehemu wa porini ambaye nilimwita kwa makusudi. Shehe akauliza mali. Baiskeli. Mapanga mawili. Mizinga kumi na miwili.

"Sita," nikasema.

Wote wakanigeukia. Nikasimulia kila kitu, siku ile ya kiangazi, mikato, na maneno yenyewe kama alivyoyasema, maana maneno sisahau. Mwenzake wa porini akasema, "Ndivyo. Nilikuwepo."

Shemeji akasema bila ukali, na hilo liliniumiza kuliko ukali. "Shemeji, kaka alikuwa anatoa sadaka. Kila mtu anatoa sadaka. Hiyo siyo wakfu."

"Alitamka wakfu."

"Alitamka lini? Mlikuwa mnanipigia simu mnasema anaongea na ukuta. Homa ile ingemfanya atamke hata kwamba mimi ni mwanamke."

"Kwa hilo asingekuwa amekosea sana," akasema yule mwenzake, "ukulima huo ulioenda kufanya."

"Wewe nyamaza. Wewe mizinga ikiitwa ya Mungu, atakayeirina nani? Ni wewe. Nyie wawili mmekaa hapa mkapika."

"Nimpikie nani? Meno sina."

Shehe akainua mkono. Akasema maneno ambayo niliyashika yote. Kwamba wakfu hauhitaji karatasi, neno linatosha, akilisema mtu mwenye akili zake, katika uzima wake, kwa mali yake. Kwamba haoni sababu ya kumkadhibisha mjane wala huyu jirani Mkristo. Lakini neno la mtu mzima lina hukumu yake na neno la kitanda cha mauti lina hukumu nyingine, na ndugu ana haki ya kuridhika. "Kwa hiyo swali ni moja tu," akasema. "Lini?"

Nikasema, mikato ipo. Mti haujaenda popote.

Basi tukaenda. Eda yangu ilikuwa imekwisha, nikavaa viatu vya mpira vya marehemu maana vyangu vilikuwa vya mjini. Tulikodi guta la magurudumu matatu mpaka njia ya magari ilipoishia, kisha tukatembea. Ulikuwa mwezi wa tisa. Ile miti ilikuwa imevaa mekundu yake, mwanga ukipita kwenye majani unafika chini umekuwa na rangi ya chai. Nilitembea kama mtu anayerudi mahali alipoacha kitu. Kila baada ya hatua kadhaa niliona kisogo chake kinaendesha baiskeli mbele yangu, halafu nikaona ni cha mdogo wake, kisogo kilekile, na nikaogopa kidogo, kisha sikuogopa.

Tulipokaribia mti wa kwanza, mwenzake wa porini akasimama ghafla akanusa.

"Shehe, umepaka nini?"

"Mafuta tu. Ya udi."

"Hayo mafuta nyuki hawayataki. Ukifika hapo mtini watakuvua kanzu."

Shehe akatazama juu, akaona lile gogo na vile vidoa vyeusi vinavyoingia na kutoka. "Nitakaa wapi?"

"Pale kwenye kichuguu. Ukiona tunakimbia, wewe tangulia."

Basi shehe akaketi kwenye kichuguu hatua nyingi nyuma, mikono magotini. Kutoka pale asingeona mkato wala asingejua akionacho, kwake yeye mti ni kivuli. Macho yangu hayafiki juu siku hizi. Tukabaki na watu wawili wanaojua kusoma gome, na mmoja wao akakaa chini akavua kiatu kutoa mchanga.

"Mimi sipandi," akasema. "Nikipanda mtasema nimepika na huko juu. Wewe ni mtoto wa baba yako. Panda usome."

Shemeji akafunga kamba kiunoni. Miaka yote hiyo ya kuinama mpungani, nilidhani atashindwa, lakini miguu ilikumbuka. Akapanda polepole mpaka kwenye panda ya mzinga. Nilisikia nyuki wanabadilisha sauti, halafu wanarudi kwenye ile ya mwanzo. Akauona mkato. Alikaa nao uso kwa uso.

Mti ukikatwa, hupona kama mtu. Gome linaota mdomo pembeni ya kidonda, na kila masika unaongezeka ukingo mmoja, kama mawimbi mawili yanayokutana. Kidonda cha tangu mwisho wa mvua, alipougua, hakina mdomo, ni kikavu, kimenyooka. Hayo mtoto wa mrina anayajua kabla ya kujua kuswali. Nilimwona shemeji anaweka kidole gumba ndani ya ule mkato wa kulala, anakitembeza toka mwanzo mpaka mwisho, kisha anarudia. Angeweza kusema chochote. Angesema mkavu, na nani angembishia? Yule mwenzake alishakataa kupanda. Mimi ni bibi. Shehe yuko kwenye kichuguu. Mpunga wake uko majini, na nyumbani kwake kuna watu wanaosubiri arudi na kitu.

Sijui alikaa juu muda gani. Kwangu ulikuwa mrefu kiasi kwamba niliona mwanga umehama kutoka goti langu la kushoto kwenda la kulia. Nilimwomba Mungu, lakini sikumwomba kitu chenye maneno.

"Unasemaje?" shehe akaita toka mbali.

Shemeji akafuta uso kwa bega.

"Masika mawili," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, shehe hakusikia, akauliza tena. Akageuka, akasema kwa nguvu mpaka nyuki wakachachamaa, "Una masika mawili huu. Aliukata akiwa mzima."

"Na mingine?"

"Naenda kuiona." Na kweli alipanda yote sita, hakuruka hata mmoja, na kila alipofika juu alisema vilevile, masika mawili, kana kwamba anataka asikie mwenyewe mpaka ashibe. Kwenye mti wa nne nyuki walimuuma jichoni. Hakushuka mpaka amemaliza kusoma.

Alipokaa chini jicho lilikuwa limeshafunga. Yule mwenzake akampakaa nta na kumtoa miiba kwa ukucha, akimwambia, "Wamekusahau, watoto wa nyumbani. Unanuka mpunga."

"Toa, acha maneno."

Shehe alitukuta kwenye njia, mbali na mizinga. Akasema hiyo sita imetoka kwenye mirathi, si ya mjane, si ya mabinti, si ya ndugu. Iliyobaki itagawanywa kama sheria inavyotaka. Sehemu yangu ikawa ndogo kuliko ambayo ingekuwa, na ya shemeji vilevile, na nilimtazama nikaona anajua hivyo, na uso wake ulikuwa mtupu kama sahani iliyooshwa.

"Marehemu hakumtaja msimamizi," shehe akasema. "Wakfu bila msimamizi unaliwa na mchwa. Neno aliliacha kwa mama, basi mama ndiye aseme. Nani ashike?"

Nikamnyooshea kidole shemeji. Sikuwa nimefikiria. Mkono ulikwenda wenyewe.

"Mimi?" akasema. "Shemeji, mimi ndiye niliyebisha."

"Ndiyo. Na wewe ndiye uliyepanda."

"Mimi nakaa Kasansa."

"Hamia. Au njoo msimu wa asali, lala kwangu. Chumba kipo."

Mwenzake wa porini akasema yeye hana wivu, magoti yake yalishaomba ruhusa siku nyingi. Shehe akaongeza jambo nililokuwa silijui: kwamba msimamizi anayefanya kazi ya wakfu anaruhusiwa kula humo kwa kiasi kinachojulikana, kama mtu yeyote anavyolipwa jasho lake, ila asizidishe. Shemeji akainamisha kichwa. Jicho moja limevimba, la pili lilikuwa linatoka machozi, na mtu angeweza kudhani ni lile la nyuki.

Safari hii iliandikwa. Shehe aliandika barazani kwangu, mashahidi wawili, na mimi nikaweka dole gumba ingawa jina langu najua kuliandika, kwa sababu dole gumba lilionekana lina uzito zaidi.

Mwaka uliofuata shemeji alikuja msimu wa asali. Aliondoka na yule mzee wa rozari, wakakaa porini wiki mbili, wakarudi wananukia ule moshi, na usingizi wangu ukawa mzuri siku tatu nzima mpaka nikaona aibu. Ndoo walizipanga barazani, zimefunikwa kwa majani mabichi. Mimi nilikuwa nimetoka kuamka mchana, bado nusu yangu ipo kule kwenye miti, mguu mmoja huku, mmoja huko. Nikaona asali inang'aa pembeni ya jani, nzito, nyeusi kidogo, ile ya maua ya mti wa mtundu. Nikanyoosha kidole nichovye. Mtu wa asali miaka hamsini hafikirii kabla ya kuchovya.

Shemeji akanishika mkono. Taratibu, kama mtu anavyomshika mtoto karibu na moto.

"Hapo siyo, shemeji. Hiyo ya pampu. Ya kwako ni ile ndogo kule mwisho."

"Kidole kimoja tu."

"Hata kimoja."

Nikamtazama. Hakuwa anatania. Akanisogezea ile ndogo kwa mguu, akafunika ile ya pampu vizuri, akaweka jiwe juu, kisha akaiinua akaenda nayo kwa fundi, maana mkono wa pampu ulikuwa umeanza kulia tangu juzi. Nikabaki barazani na kidole changu juu, kikavu, nacheka peke yangu.